Sikuona: Safari ya Kumlinda Mtoto Kisiwani Mafia

Ukitaka kuifahamu Mafia usianze na papa potwe wala hoteli za watalii. Nenda Utende, panda chombo uvuke hadi kisiwa cha Juani, kisha utembee taratibu kwenye magofu ya Kua. Utaona misikiti isiyo na paa, makaburi, na kuta nene zilizobanwa na mizizi ya miti. Mimi nilipelekwa huko mara ya kwanza nikiwa shule ya msingi. Mwalimu alisema mengi kuhusu mawe yale, yote nimeyasahau. Iliyobaki kichwani ni hadithi moja tu.

Hadithi yenyewe ni ya miji miwili jirani: Kua, na Kisimani, mji mwingine wa kale wa upande wa magharibi ambao sehemu yake kubwa imekwisha kuliwa na bahari. Mji mmoja uliunda chombo. Siku ya kukishusha majini ukaalika majirani waje kwenye karamu pamoja na watoto wao. Watu wakala, wakacheza ngoma. Katikati ya furaha wenyeji wakawakamata watoto wa wageni, wakawafunga, wakawalaza mchangani mahali pa magogo, chombo kikateremka juu yao mpaka baharini. Waliofiwa wakanyamaza. Miaka ikapita, jambo likaonekana limesahauliwa, nao wakaalika wenzao harusini. Wageni wakaingizwa chumba cha chini, wenyeji wakatoka mmoja mmoja kwa visingizio, mlango ukajengwa kwa mawe. Nani alianza na nani alilipiza? Inategemea anayekusimulia ametoka upande gani.

Wanahistoria watakuambia hiyo ni ngano tu, na kwamba Kua ilikufa kwa sababu nyingine: Wasakalava kutoka Madagascar waliivamia katika miaka ya 1820 wakabeba watu utumwani. Sawa, sibishi. Lakini mimi kila nikiikumbuka hadithi ile, kuna kitu kinanikera. Watu wazima wanafanya ukatili, watu wazima wengine wanalipiza, na sisi wasikilizaji tunashangilia kisasi. Watoto wenyewe hawana hata jina. Na pale ufukweni, chombo kikisubiri kushushwa, hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesema “hapana”. Wote walikuwa na macho. Wote waliona.

Leo nataka kuzungumza juu ya watu ambao kazi yao, kama serikali ilivyoiandika, ni kusimama pale ufukweni na kusema “hapana”. Wanaitwa maafisa ustawi wa jamii. Mtaani tunawaita “watu wa ustawi”, tena mara nyingi kwa kebehi. Kazi yao ina historia ndefu kuliko tunavyodhani, na ugumu wake haukuanza jana.

MTOTO NI WA NANI?

Zamani swali hilo lilikuwa na majibu mawili kisiwani, kutegemea umezaliwa nyumba ipi.

Mtoto wa watu huru alikuwa wa watu wengi. Msomi wa Kiingereza Pat Caplan, aliyefika katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na akawa anarudi tena na tena kwa miongo kadhaa, ameandika jinsi watu wa huko wanavyohesabu ukoo kwa upande wa baba na kwa upande wa mama vile vile. Kwa hiyo mtoto ana milango mingi ya kubisha. Mama akiachika, kuna bibi. Bibi akifariki, kuna shangazi. Shangazi akiwa na dhiki, kuna mjomba. Kulea mtoto wa ndugu si jambo la ajabu wala la huruma, ni mambo ya kawaida kabisa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na huku kwetu msemo huo ulikuwa ndio mpango wenyewe wa maisha. Hakukuwa na ofisi, hakukuwa na faili, lakini mtoto alikuwa na pa kulala.

Jibu la pili lilikuwa chungu. Katika karne ya 19, chini ya masultani wa Zanzibar, mashamba ya minazi ya Mafia yaliendeshwa kwa mikono ya watumwa waliovushwa kutoka bara. Mtoto wa mtumwa hakuwa na mjomba wa kubishia hodi. Alikuwa wa bwana wa mama yake, basi.

Mjerumani alipokitwaa kisiwa mwaka 1890 hakuufuta utumwa. Usishangae, ndivyo ilivyokuwa katika koloni lake lote. Alichofanya, tena baada ya miaka kumi na minne, ni kutoa amri mwezi Desemba 1904: mtoto atakayezaliwa na mtumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Hebu fikiri kidogo. Mama ni mtumwa, na mtoto aliyembeba mgongoni ni mtu huru. Mama akiamriwa kwenda shamba, mtoto anaenda wapi na uhuru wake?

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya serikali ya kikoloni iliyomtazama mtoto wa Mafia kama mtu mbali na mwenye mali. Na tangu siku hiyo tatizo letu la leo lilikuwepo. Boma la Mjerumani lilikuwa Chole, kisiwa kidogo ndani ya ghuba, mpaka makao yalipohamishiwa Kilindoni mwaka 1913. Mashamba yalienea hadi kaskazini kabisa. Nani angevuka maji, atembee siku nzima, aulize mtoto fulani kazaliwa kabla au baada ya mwaka mpya? Na akifika, angemuuliza nani kama si bwana mwenyewe? Utumwa ulikuja kufutwa kabisa mwaka 1922, Mwingereza akiwa ndiye mtawala.

SHERIA ILIYOKUJA NA MELI

Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakaitumia kuiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji mpaka ikaangamizwa Julai mwaka huo. Hiyo ni hadithi ya mizinga na ndege, tuiache. Ninayoitaka mimi ni sheria waliyoileta baadaye, na ili tuielewe inabidi twende mbali kidogo, mpaka New York, mwaka 1874.

Katika jiji hilo kulikuwa na mtoto wa kike wa miaka kumi hivi, jina lake Mary Ellen Wilson, aliyekuwa akilelewa na watu wasio wazazi wake. Alipigwa karibu kila siku na kufungiwa ndani. Majirani walisikia kupitia ukuta. Jirani mmoja hakuvumilia, akamwambia mama mmoja aliyekuwa akitembelea maskini kwa kazi ya kanisa, Etta Wheeler. Mama huyo akahangaika huku na huko asipate wa kumsaidia, mwishowe akamwendea Henry Bergh, mwanzilishi wa chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama. Naam, umesoma vizuri: wanyama! Punda alikuwa na chama, mtoto hana. Mary Ellen aliletwa mahakamani, akasema mwenyewe aliyotendewa, mlezi wake akafungwa. Mwaka uliofuata, 1875, kikaundwa chama cha kwanza cha kuwalinda watoto mjini humo. Wazo likavuka bahari hadi Liverpool mwaka 1883 na London mwaka 1884, kisha likaingia kwenye sheria za Uingereza.

Naomba ukumbuke jambo moja katika kisa hicho. Haikuanza sheria. Alianza jirani aliyesema “mimi nasikia”.

Sasa, mwaka 1933 Uingereza ilitunga sheria kubwa ya watoto na vijana. Mwaka 1937 Tanganyika nayo ikapata sheria yenye jina kama hilo. Iliandikwa kwa fikra za miji ya viwanda, ikateremshwa kwenye visiwa vya minazi. Ilikuwa na mambo mazuri: mtoto asihukumiwe pamoja na watu wazima, na mtoto asiye na mlezi mwema aweze kukabidhiwa kwa mtu mwingine wa kuaminika. Karatasini, safi kabisa. Kwa hapa kwetu, ilimkuta liwali, kadhi na wazee wa ukoo ambao tayari walikuwa na njia yao ya kumaliza mambo, na njia hiyo inaitwa suluhu.

Mwaka 1949 ikaja sheria ya matunzo kwa watoto waliozaliwa nje ya ndoa. Baba alitakiwa kulipa. Tatizo ni kwamba malipo yalikuja kuwa na ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ukabaki kwenye vitabu hadi sheria ilipofutwa mwaka 2009. Shilingi 100 ya 2009, jamani! Ilitosha andazi, chai ujitafutie. Mama aliyeenda kudai haki yake alitumia nauli kubwa kuliko haki yenyewe. Halafu tunashangaa kwa nini watu walizoea kutokwenda.

Idara ya ustawi wenyewe ilianza baada ya Vita Kuu ya Pili, na shughuli yake ya mwanzo haikuwa mtoto, bali askari waliorudi kutoka vitani. Baada ya uhuru nchi ikaanza kufundisha watu wake kazi hiyo, na Chuo cha Ustawi wa Jamii kikaundwa kwa sheria ya mwaka 1974 jijini Dar es Salaam. Mwaka 1991 Tanzania ikaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto. Mwaka 1998 ikatungwa sheria kali ya makosa ya kujamiiana. Na hatimaye, Novemba 2009, Bunge likapitisha Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka huo. Kwa mara ya kwanza mambo yaliyotawanyika yakakusanywa kapu moja: mtoto ni aliye chini ya miaka 18, halmashauri ina wajibu wa kumlinda, afisa ustawi ana madaraka ya kuingilia. Na kuna kifungu ambacho ningekuwa na uwezo ningekibandika kila bandari: mwanajamii yeyote mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa anao wajibu wa kutoa taarifa. Sheria haikusema polisi wala mwalimu peke yao. Ilisema yeyote.

FIMBO YA MBALI

Wazee husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sasa tumtazame huyu aliyekabidhiwa fimbo.

Wilaya ya Mafia siyo kisiwa kimoja. Kuna kisiwa kikuu, halafu kuna Chole, Juani, Jibondo, Bwejuu. Watu walikuwa 46,438 katika sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ikakuta zaidi ya 66,000. Makao ya wilaya yako Kilindoni. Taarifa ikitoka Bweni, kaskazini kabisa, ni safari ya barabarani. Ikitoka Jibondo ni barabara halafu maji. Kusi likivuma, nahodha mwenye akili hatoki. Mtoto aliyepigwa Jumatatu anaweza kufikiwa Alhamisi, uvimbe umeshashuka, daktari anaandika alichokiona, na alichokiona ni kidogo. Fomu ya polisi, ile PF3, inasubiri jeraha ambalo limekwisha kupona kwa nje.

Kesi ikifika mahakamani, inahitaji mashahidi. Kesi inaahirishwa, na shahidi analipa nauli mara ya pili na ya tatu. Tarehe ikiangukia bamvua, maji yanapokupwa sana, akina mama na vijana wengi wako miambani wakitafuta pweza, maana hizo ndizo siku za kupata hela. Utamlaumu nani? Mtu hajakataa kusema ukweli, amekwenda kutafuta unga.

Tuseme afisa amewahi, na ameona kwa macho yake kwamba mtoto hawezi kulala nyumba ile usiku huo. Alale wapi? Makao ya Taifa ya Watoto yako Kurasini, Dar es Salaam, ng'ambo ya bahari. Sheria inasema atafutwe mlezi wa kuaminika. Kisiwani mlezi huyo karibu kila mara ni ndugu, na ndugu huyo karibu kila mara ni ndugu wa mkosaji pia. Ile milango mingi niliyoisifu mwanzo, yote inafunguka kwenye ua mmoja. Ukimtoa mtoto kwa mjomba ukampeleka kwa shangazi, kesho mjomba yuko barazani kwa dada yake anakunywa kahawa.

Siri nayo ni kasheshe. Mjini afisa anaweza kuingia nyumba ya watu asijulikane. Kijijini pikipiki ya halmashauri ikikata kona kila mtu anajua ni ya nani na inaelekea kwa nani. Kabla hajashuka, mkosaji ana habari na mtoto ameshapewa maneno ya kusema.

Halafu kuna swali la yeye mwenyewe ni nani. Kama ametoka bara, ni mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Haijui lugha ya ndani ya lugha, hajui kwamba mzee anaposema “tutalitazama” amekwisha kukataa. Kama ni mzaliwa wa hapa, ana baba, ana mjomba, ana deni dukani. Jioni watu wale wale aliowahoji mchana ndio watakaobeba jeneza nyumbani kwake akifiwa. Na fungu la kufanyia kazi ni dogo, na mabosi ni wengi: mshahara na pikipiki viko halmashauri, sera iliwahi kuwa wizara ya afya, na tangu 2022 iko wizara ya maendeleo ya jamii.

Gumu kuliko yote ni kupima. Kupigwa ni adhabu au ni ukatili? Kanuni za shule za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa idhini ya mwalimu mkuu, na Sheria ya Mtoto inakataza adhabu iliyopita kiasi, lakini haikupiga marufuku kila fimbo. Kiasi ni kipi? Anayekadiria ni afisa, amesimama uani kwa mtu, mzee anamtazama. Adhabu nazo zimekuwa kubwa. Tangu 2016, anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Ni haki, lakini familia mbili zikiitazama miaka hiyo 30 huona afadhali zikae usiku mmoja zimalize wenyewe, na asubuhi afisa anakuta kila mtu amesahau. Ndoa yenyewe ilibishaniwa miaka: sheria ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019.

Mwisho kuna hesabu inayomkosesha mtu usingizi. Mkosaji ndiye mwenye nyavu. Akifungwa, watu wanane wa nyumba ile hawali, na mmoja wa hao wanane ni mtoto unayemlinda. Usipomfunga, umemrudisha mtoto chini ya chombo. Chagua sasa.

Usidhani nazungumzia Mafia kwa sababu watu wetu ni wabaya kuliko wengine. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika 2009 na kutangazwa 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila kumi, na mvulana mmoja katika kila saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Hiyo ni Tanzania nzima. Takwimu iliyonishika koo ni nyingine: kati ya wasichana waliofanyiwa ukatili huo wa kingono, karibu nusu tu ndio waliomwambia mtu. Kwa wavulana, kama theluthi. Waliobaki walimeza.

Nami najua kumeza kunafananaje.

MWENZANGU WA DAWATI

Nilikuwa darasa la sita, katika kijiji ambacho sitakitaja. Sheria ya Mtoto ilikuwepo tayari, ila sisi hatukuijua. Niliketi dawati moja na kijana aliyelelewa na mjomba wake. Mama yake alikwenda Dar kutafuta maisha. Mjomba alikuwa na chombo, nyavu na taa za kuvulia dagaa. Kukiwa na mbalamwezi, mwenzangu alikuja shule na alikuwa mkali wa hesabu kunizidi. Kukiwa na giza alikwenda baharini usiku kucha na mabaharia, na asubuhi akija alilala juu ya daftari. Akikataa kwenda, alipigwa kwa kamba ya nanga.

Mwalimu wetu mmoja wa kike aliandika barua. Sijui ilipita wapi na wapi, ila baada ya muda akaja mama mmoja wa ustawi, amebeba mkoba wa mafaili, kiatu kimoja kimelowa maji. Kikao kikawekwa chini ya mwembe, ofisini kwa mtendaji. Wazee walikuwepo. Mjomba alikuwepo, amevaa kanzu. Baba yangu pia alikuwepo, kwa sababu alikuwa baharia kwenye chombo kile kile. Chakula chetu kilitoka mle.

Nikaitwa. Yule mama alinama ili nyuso zetu zilingane.

“Mwanangu, umewahi kuona mwenzio ana alama mwilini?”

Nikamtazama baba. Baba alikuwa anatazama mchanga.

“Sikuona, Mwalimu,” nilimjibu. Nilimwita Mwalimu kwa kuwa sikujua kuna mtu mzima mwingine anayebeba mafaili.

“Hata siku mnaoga baharini?”

“Sikuona.”

Aliandika. Hakunikaripia. Mzee mmoja akasema mambo ya nyumbani yamezungumzwa, mtoto ni wa kwetu, tusimkoseshe mlezi. Mjomba akaweka sahihi kwenye karatasi ya ahadi. Fatiha ikasomwa. Yule mama akapanda pikipiki akaondoka, na watu wakasema, ona, hawa watu wa ustawi hawana lolote, wanakuja kula posho.

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi tangu siku ile, mpaka mijini. Na kila nikiisikia nauliza: alitakiwa afanye nini? Alivuka maji. Alifika. Aliuliza swali sahihi kwa mtu sahihi. Sheria yote, tangu ile ya 1937 mpaka ya 2009, na mkataba wa dunia nzima, vilisimama pale chini ya mwembe vikisubiri neno moja kutoka kwangu. Neno halikutoka. Sijilaumu sana kwa umri wangu, nilikuwa mtoto. Lakini pale walikuwepo watu wazima zaidi ya kumi, na sote tulioga bahari moja.

Mwenzangu hakumaliza darasa la saba. Alikwenda dago na wavuvi, akahamia dago lingine, tukapotezana.

TUSEME NINI?

Somo ninalolipata katika historia hii ni moja. Mafia haijawahi kukosa sheria ya mtoto tangu mwaka ule wa 1904. Sheria zilikuja na meli moja baada ya nyingine, kila moja nzuri kuliko ya kabla yake. Na haijawahi kukosa watu wa kumlea mtoto, hao tulikuwa nao kabla ya meli yoyote. Kilichokosekana kila mara ni mtu wa hapo hapo, anayekula sufuria moja na wengine, wa kusema alichokiona. Afisa hawezi kuwa mtu huyo. Yeye huja baadaye. Bila neno la jirani, fimbo yake inabaki ya mbali hata akisimama mlangoni.

Kwa hiyo tudai mambo yanayodaika: afisa wa ustawi kila kata, usafiri wa majini, mahali pa mtoto kulala usiku ule wa kwanza, nauli ya shahidi. Ni haki kuyadai. Lakini tusijifiche nyuma ya madai. Namba 116 hupigwa bure kumsemea mtoto, na haihitaji nahodha wala upepo mzuri. Na sisi vijana tunaotaka kuwa waandishi, tunaohangaika na visa na wahusika, tujue kwamba kazi yetu inaanzia hapo hapo. Kabla hujabuni jambo, sema kwanza uliloliona.

Mwaka jana nilikuwa Feri, pale Magogoni, natafuta samaki wa bei ya mtu asiye na kazi. Kijana mmoja akaniita kwa jina la baba yangu. Alikuwa yeye, kifua kimejaa, ndoo mkononi. Tukacheka, tukaulizana habari za nyumbani. Akaniambia ana mtoto wa kike, anasoma chekechea.

“Simpigi,” akasema. Sikuwa nimemuuliza.

Akanipa vibua vitano, akakataa hela. Nilitaka kumwambia kuhusu siku ile chini ya mwembe, maneno yakakwama, watu wakatusukuma, tukaagana. Pengine anayasoma magazeti, pengine hayasomi. Namwandikia hata hivyo.

Bwana, mimi niliona. Tulikuwa tunaoga, ulinipa mgongo. Zilikuwa alama tano. Nilizihesabu.